Usitume hela ya darasa la uchoraji Bagamoyo kabla hujakaa ndani ukaliona

Dada, usitume hiyo hela Ijumaa. Salamu zitafuata baadaye.

Umeandika kwamba unawaleta wanao wawili kutoka Morogoro likizo ya Juni, mmoja ana miaka mitano na mwingine tisa, wakae Bagamoyo wiki nzima wajifunze kuchora. Na kwamba kuna mtu amekuahidi kila mtoto atarudi na picha ya Tingatinga (ule mtindo wa kuchora wanyama kwa rangi kali) iliyokamilika pamoja na cheti, mradi ulipe ada yote mapema upate punguzo, na hela ya kushika nafasi umeshatuma. Hayo maneno nayajua. Niliambiwa vilevile na mtu aliyekodi chumba hapa hapa Bagamoyo ninapoishi, akabandika tangazo, akaingia kwenye magurupu ya wazazi. Nikamtumia hela kwa simu bila kukanyaga pale, kwa sababu picha za tangazo zilikuwa nzuri.

Siku ya mwisho wakatuita wazazi kwenye maonyesho. Picha zimepangwa ukutani: twiga, tembo, kanga, mbuyu. Shingo zimenyooka, madoa yamelingana, na kila ukingo ni safi. Mashangazi wakapiga picha, tukapiga makofi, tukarudi nyumbani tunajisifu. Jioni nikampa binti yangu karatasi ya manila nikamwambia, mchoree bibi twiga mwingine. Akakataa. Nikamuuliza kwa nini, akasema, "Mama, mimi sijui kuchora. Mwalimu ndiye alichora. Mimi nilipaka madoa."

Nikakaa naye akanisimulia. Hadibodi, yaani vile vibao vyembamba vya kuchorea, zilikuwa zikiletwa asubuhi twiga tayari yupo juu yake. Watoto wanapewa brashi wajaze. Doa likitoka nje ya mstari, mwalimu anachukua brashi mkononi mwa mtoto, anafuta na kuweka lake. Wiki nzima. Huyu ni mtoto aliyekuwa akichora nyuma ya kalenda, kwenye maboksi ya sabuni, kwenye mchanga tukienda ufukweni. Baada ya hapo, kila nikimpa penseli ananiambia, "Nipe ya kufuatisha." Ada iliyopotea naweza kuisamehe. Hili la kumfundisha mtoto wa watu kwamba mkono wake haufai, halafu ukamwandikia cheti, sijalisamehe mpaka leo, na yule bwana nilimwambia usoni. Alinijibu kwamba wazazi wanataka picha ya kutundika sebuleni, na yeye anauza wanachotaka.

Sasa nikueleze kwa nini ahadi yenyewe inajisuta. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi ya mafuta, ile ile ya kupakia baiskeli. Alifariki 1972, na waliokuwa wakijifunza kwake wakaendeleza. Katika karakana za uchoraji huo ni jambo la kawaida kijana kuanza kwa kujaza mandhari ya nyuma ya picha ya mkubwa wake, na picha moja kupita mikono kadhaa. Pale ni kazi, picha inauzwa, kijana anajifunza biashara, na hakuna anayedanganywa. Lakini mtoto wako hajaja kuwa kibarua. Na rangi ile haina haraka: unapaka mandhari ya nyuma, unasubiri ikauke, unaweka umbo, unasubiri tena, ndipo madoa. Ukiwahi, rangi zinachanganyika. Kwa hiyo mtu akikuambia mtoto wa miaka mitano atamaliza picha kubwa safi kwa vipindi vya saa mbili, ujue kuna mtu mzima aliyeichora kabla na atakayeimaliza baada. Hakuna njia nyingine.

Halafu rangi yenyewe. Rangi za mafuta zinachanganywa na thina au tapentaini, na ule mvuke wake kwenye chumba chenye dirisha moja unaumiza kichwa hata mtu mzima, sembuse mtoto mwenye pumu. Nyingine bado zina madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, maana inaharibu ubongo. Siku nyingine binti yangu alirudi mikono inanuka petroli. Ndiyo waliyokuwa wakiwanawishia. Mtoto wa miaka mitano anatia vidole mdomoni kutwa. Kwake ni rangi za maji, kreyoni, mkaa, udongo wa mfinyanzi. Basi.

Kwa hiyo nina sharti moja tu na ningekuomba ulishike hata ukisahau mengine yote: kabla ya kutoa hata shilingi, kakae nyuma ya darasa saa nzima, watoto wengine wakiwa wanafundishwa, uangalie mkono wa nani umeshika brashi. Mwalimu akichukua brashi ya mtoto na kumalizia picha yake, nyanyuka uondoke. Usibaki kwa sababu ni mcheshi, wala kwa sababu umeshafunga safari. Angalia pia ukutani. Kama twiga wote wanatazama upande mmoja, umeshapata jibu. Na sikiliza anavyosema. Mwalimu mzuri anauliza, "Huyu anafanya nini hapa?" kisha anamwacha mtoto aeleze. Mbaya anasema, "Siyo hivyo, lete nikuonyeshe."

Watakuambia mzazi akikaa ndani mtoto anaona haya. Ni kweli kwa kiasi, ndiyo maana nasema uende kabla wanao hawajaandikishwa, uangalie darasa la watoto wa wenzako, kisha wa kwako waanze ukiwa nje. Anayekataa hata hiyo saa moja ana kitu anaficha. Mimi nilikataliwa kwa upole sana, kwa tabasamu, nikanyamaza.

Tena usiwaweke hao wawili darasa moja. Wa miaka mitano anaweza bado kuchora kichwa kinachoota miguu, mikono inatokea masikioni, jua lina macho. Hiyo ni hatua, watoto wengi wanaipitia, na anayeirekebisha anaharibu. Wa miaka tisa ni kesi tofauti, na ndiye ninayemhofia zaidi kwa sababu binti yangu alikuwa umri huohuo. Ameanza kutaka kitu kifanane na kilivyo. Anajilinganisha. Ukimwekea mezani picha ya fundi aliyechora miaka ishirini kama kipimo, anakata tamaa na kuweka penseli chini. Huyo anahitaji kufundishwa kutazama: kivuli kiko upande gani, ngalawa imelala kwa kiasi gani, mlango una maua mangapi.

Na kwa kutazama, mji huu umejaa. Wapeleke Kaole, kusini kidogo mwa mji, kwenye magofu ya misikiti na makaburi yenye nguzo. Msikiti wa zamani zaidi pale unakisiwa kuwa wa karne ya 13. Mpe kila mmoja daftari lisilo na mistari, mwambie achague kaburi moja tu akae mbele yake alitazame mpaka jicho lichoke. Kwenye makumbusho ya Misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa 1868, kuna vitu vya kutosha kwa mtoto kuchagua kimoja na kukichora taratibu. Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara, ni pafupi, asubuhi moja inatosha. Kuna pia milango ya kuchongwa ya Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo. Binti yangu alirudia penseli pale, mbele ya mlango mmoja ambao nusu yake umeliwa na mchwa. Alichora mchwa wenyewe, wakubwa kuliko mlango, na sikusema neno.

Kuhusu chuo ulichotaja, TaSUBa, ndicho kile cha sanaa kilichoanza 1981. Wanafundisha ngoma, muziki, maigizo na sanaa za ufundi. Nenda mwenyewe ofisini uulize kama kuna chochote cha watoto mwezi huo. Usipokee neno la dalali anayesema "niko nao". Sharti la kukaa nyuma saa moja ni hilohilo, awe nani. Na lile tamasha lao la sanaa unaloulizia huwa ni baadaye, kuelekea mwisho wa mwaka. Juni hutalikuta.

Leo hii mwandikie huyo mtu maswali mawili: je, naweza kuja kukaa darasani saa moja kabla ya kulipa, na je, mtoto anaanza na hadibodi tupu au iliyochorwa? Na ile hela ya kushika nafasi uliyokwisha tuma, idai sasa kabla darasa halijaanza, kwa ujumbe wa maandishi na si kwa kupiga, ubaki na ushahidi. Akijibu, bandika jibu lake hapa, ila ufute jina na namba. Nitapita usiku nikishawalaza watoto.