Hilux ya kabureta inakunywa mafuta kupita kiasi Njombe: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Hilux pikapu ya 1987, fowili, injini 22R ya petroli, gia za mkono. Nabeba viazi na mbolea kati ya mashamba na Njombe mjini, mara chache nashuka Makambako. Inanipa kilomita 5 kwa lita. Nimebadilisha plagi na chujio la hewa, sijaona tofauti. Fundi mmoja anasema kabureta imechoka, ninunue mpya. Mwingine anasema nifunge sumaku kwenye mpira wa petroli. Wa tatu ananiambia nichanganye na mafuta ya taa. Tairi nilizofunga ni 7.50R16 badala ya 205R16 ilizokuja nazo. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba. Kati ya hao watatu, wa kwanza ndiye aliyekaribia, lakini hata yeye ameruka hatua nyingi. Usinunue kabureta bado. 22R yenye afya kwenye gari la fowili hutoa kilomita 8 hadi 9 kwa lita kwenye barabara nzuri, na hupungua kiasi ukiwa na mzigo kwenye vilima kama vya kwenu. Ukipata 5, kuna kitu kimeharibika, tena huenda ni zaidi ya kimoja.

Hiyo 5 yenyewe tuirekebishe kwanza. Tairi ya 7.50R16 ni ndefu kuliko 205R16 kwa karibu asilimia 10, na mita ya kilomita haijui kwamba umebadilisha. Ikisoma kilomita 100, umetembea karibu 110. Pima upya: jaza tangi mpaka juu, tembea kilomita 200 au zaidi, rudi kwenye pampu ileile ujaze tena, kisha zidisha kilomita ulizosoma kwa 1.1 na ugawe kwa lita ulizoongeza. Rudia kipimo hicho baada ya kila rekebisho. Ukigusa vitu vitano kwa siku moja hutajua kipi kilisaidia.

Sasa fungua boneti utazame thamostati, ile valvu inayozuia maji ya kupoza yasizunguke mpaka injini ipate joto. Mimi ningeanzia hapo kabla ya pengine popote, kwa sababu unaishi Njombe. Mafundi wengi huitoa na kuitupa gari likichemka, na gari linaendelea kutembea, basi hakuna anayeiulizia tena. Kwenye baridi ya Juni na Julai huko juu, injini isiyo na thamostati haifikii joto lake. Petroli haigeuki mvuke vizuri, oili inabaki nzito, na kama choki yako ni ya kujiendesha kwa joto la maji, inaweza kukaa imejifunga nusu safari nzima. Hapo unaendesha siku nzima kana kwamba ndiyo kwanza umewasha asubuhi. Baada ya dakika 15 za mwendo mshale wa joto unapaswa kukaa karibu na katikati. Ukibaki chini, funga thamostati ya nyuzi 82 au 88. Kisha ondoa chujio la hewa injini ikiwa ya moto: kipepeo cha choki lazima kiwe kimesimama wima, wazi kabisa. Kama thamostati ilitolewa kwa sababu gari lilikuwa linachemka, tibu rejeta.

Magurudumu hayatakuchukua muda. Loki za magurudumu ya mbele ziwe FREE ukiwa kwenye lami, na usiendeshe kwenye H4 (fowili ya mwendo wa kawaida) mahali pakavu. Baada ya safari sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Inayotoa joto kuliko wenzake ina breki inayoshika au beringi iliyobanwa. Upepo wa tairi pia ukague.

Baada ya hapo nenda kwenye distribyuta, inayogawa umeme kwa plagi. Pembeni yake kuna kopo dogo la duara lenye mpira mwembamba unaotoka kwenye kabureta. Kazi yake ni kuwahisha cheche unapokwenda mwendo wa wastani bila kukanyaga sana, na kiwambo chake kikitoboka gari halilalamiki, linakula mafuta tu. Zima injini, vua kifuniko cha distribyuta, chomoa mpira upande wa kabureta, uvute kwa mdomo kisha uzibe kwa ulimi. Sahani ya ndani lazima isogee na ibaki pale. Ikirudi taratibu au isiposogea kabisa, umempata mwizi mmoja. Pima pia tapeti (nafasi ya valvu) injini ikiwa ya moto: milimita 0.20 upande wa kuingiza na 0.30 upande wa ekzosi.

Mambo hayo yakiwa sawa, ndipo tuiguse kabureta. Kama ni ile ya asili, ina kidirisha cha kioo mbele ya chemba ya petroli. Injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa), petroli ionekane katikati ya kioo. Ikiwa juu, sindano ya flota (boya linalofunga petroli chemba ikijaa) imelika. Ndani ya kabureta kuna pistoni ndogo inayofungulia petroli ya ziada unapopanda mlima. Ikikwama kwa uchafu, petroli hiyo humwagika hata kwenye tambarare. Kuisafisha na kubadilisha gasketi na sindano ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kabureta mpya. Ile skrubu ya mchanganyiko ambayo kila mtu hupenda kuizungusha inatawala sailensa tu. Ukiwa barabarani, anayepima petroli ni jeti kuu, kipande chenye tundu dogo ndani ya kabureta.

Na jeti hiyo haikuchaguliwa kwa ajili ya Njombe. Mko karibu mita 2,000 juu ya bahari na hewa yenu ni nyepesi, lakini kabureta inaendelea kutoa petroli karibu ileile, hivyo mchanganyiko unazidi utajiri, yaani petroli inakuwa nyingi mno kwa hewa iliyopo, kwa takribani asilimia 10. Kwa magari ya Marekani Toyota waliweka kifaa cha kufidia mwinuko. Mengi ya huku hayana. Plagi zikiwa nyeusi zenye masizi baada ya marekebisho yote hayo, punguza jeti ya koo la kwanza hatua moja moja. Kipenyo kikipungua asilimia 5, eneo la tundu linapungua karibu asilimia 10. Kama ina namba 110, usishuke chini ya 105. Unatafuta plagi ya rangi ya kahawia. Ikiwa nyeupe umepitiliza, na valvu za ekzosi zitaungua. Taimingi (wakati wa cheche) nayo inavumilia kuongezwa nyuzi 2 hadi 4 huko juu, mradi injini isigonge ukipanda na mzigo.

Sumaku achana nayo. EPA, shirika la mazingira la Marekani, imepima zaidi ya vifaa 100 vinavyodaiwa kuokoa mafuta, na vilivyoonyesha faida yoyote ni vichache mno. Mafuta ya taa nakusihi usiyaweke kabisa: yanaifanya injini igonge, yanavuja kwenye ringi na kuilainisha oili, na pistoni iliyotoboka itakula akiba yote uliyoifikiria.

Jeti ya zamani itunze. Siku ukipata mzigo wa Dar es Salaam, irudishe na taimingi uirudishe kwenye kipimo cha kiwandani kabla hujaondoka, kwa sababu kule hewa ni nzito na jeti ndogo itaikausha injini ukiwa na tani moja nyuma.