Hakiumi, lakini kipo

SWALI: Mtaani kwetu Ngamiani, ndani ya miaka miwili wanawake watatu wamegunduliwa na saratani ya titi, na hakuna aliyefika hamsini. Wengine wanasema ni sidiria nyeusi, wengine simu za kifuani, wengine mafuta ya kwapa. Mjini kuna nini? Nami nina miaka 44. Nimegusa kitu kigumu titi la kushoto, kama mbegu ya ukwaju. Hakiumi. Jirani kanipa majani ya kukandia. Nisubiri?
Mama wa wawili, Tanga

JIBU: Mama, tuanze na la mwisho, maana ndilo lisilongoja. Usisubiri, na usikande. Wengi hungoja maumivu ndipo waende hospitali, ilhali uvimbe wa saratani mwanzoni aghalabu hauumi. Vivimbe vingi vya matiti si saratani, ila hilo haliamuliwi kwa mkono, uwe wa daktari au wa mkandaji. Majani yatakula miezi yako tu, na yakichubua ngozi yatamvuruga hata mpimaji.

Wiki hii hii nenda kituo cha afya au Bombo, hospitali ya mkoa. Eleza umekigusa lini, kama kinakua, kama chuchu imeingia ndani au inatoa damu, na nani katika ukoo aliugua. Shangazi wa upande wa baba naye anahesabika. Wahudumu wapapase matiti yote mawili, makwapa na juu ya mtulinga. Kwa umri wako hupigwa mamografia (picha ya eksirei ya titi) na altrasaundi, kisha sindano nene huchukua vinyama chini ya ganzi. Sindano hiyo haisambazi saratani, hata uambiwe nini barazani.

Hapa ndipo mambo huharibika: uvimbe hukatwa ukatupwa, mgonjwa akaambiwa "umeshatoka". Uvimbe ukirudi, hakuna ajuaye ulikuwa nini. Kinyama kitiwe kwenye fomalini ya asilimia 10, dawa ya kukihifadhi kisioze, ndani ya saa moja, kipelekwe maabara ya patholojia, wanakochunguza vinyama kwa darubini. Kikichelewa huharibika, na kipimo cha vipokezi vya homoni, yaani kama saratani inalishwa na homoni za mwili, hutoa jibu la uongo. Kipimo hicho ndicho kinachoonyesha kama tembe za tamoxifen, dawa ya kuzuia homoni hizo zisiilishe saratani, kwa kawaida miligramu 20 kila siku kwa miaka 5 au zaidi, zitakufaa. Dai karatasi ya majibu, utoe nakala. Shirika la Afya Duniani linataka ugonjwa ujulikane ndani ya siku 60 tangu ufike hospitali mara ya kwanza; zihesabu, ukiona kimya rudi ukaulize.

Sidiria, simu na mafuta ya kwapa hayahusiki. Wanawake wa mjini wengi huchelewa kuzaa, huzaa wachache, hunyonyesha muda mfupi kwa sababu ya kazi, hutembea kidogo na kunenepa. Kila kimoja huongeza hatari kidogo. Isitoshe, hospitali iko karibu, kwa hiyo mgonjwa wa Ngamiani hugunduliwa pale ambapo wa kijijini Kilindi angekufa bila jina la ugonjwa. Umri nao usiwashangaze: Ulaya wengi huugua wakikaribia au kupita 60, kwetu wengi hugunduliwa wakiwa na arobaini na hamsini, sababu mojawapo ikiwa ni wingi wa vijana nchini. Na wagonjwa wengi hawana ndugu aliyewahi kuugua, basi wale watatu wasitafutiwe kosa.

Dada na binti zao waende wakaulize kliniki waanze lini kupimwa. Nyumbani wajipapase siku chache baada ya hedhi, kwa matumbo ya vidole vitatu vyenye sabuni, toka mtulingani hadi chini ya titi, wamalizie kwapani.