Damu ya mbwa au paka ikisomeka vibaya: mambo ya kuuliza kabla na baada ya kushuku saratani

Majibu ya damu yakirudi na mishale ya juu na chini, swali la kwanza lisiwe "ni saratani?" Uliza kwanza kama namba yenyewe ni ya kweli. Chembe sahani za paka (zile zinazosaidia damu kuganda) hushikamana upesi zikawa mabonge, mashine ikahesabu bonge zima kama chembe moja au ikaliruka kabisa, na paka mzima akaandikiwa kwamba damu yake haitaganda. Zikisomeka chache, omba damu ipakwe kwenye slaidi na iangaliwe kwa hadubini, hasa mwishoni mwa upako ambako mabonge hujikusanya. Kichupa chenye kifuniko cha zambarau nacho kijazwe hadi mstari wake. Kikiwa nusu, dawa ya kuzuia kuganda huizidi damu, chembe nyekundu hunywea, na mnyama huonekana amepungukiwa damu kuliko alivyo.

Kuna pia tofauti za aina ya mbwa. Greyhound huwa na chembe nyekundu nyingi na sahani chache kuliko mbwa wengine. Cavalier King Charles Spaniel wengi wana sahani chache ila kubwa, na hawaumwi chochote.

Namba ikithibitika, magonjwa ya kupe yapimwe mapema, kwa sababu Ehrlichia na Babesia hushusha chembe sahani na nyekundu kwa namna inayofanana sana na saratani, nayo yana dawa.

Upungufu wa damu ndio unaoonekana zaidi kwenye saratani, na kinachosaidia ni kujua umetokea kwa njia gani. Hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu, kwa mbwa aliyekomaa ni takriban asilimia 37 hadi 55, ya paka takriban 30 hadi 45, ingawa kila maabara ina viwango vyake. Uvimbe uliokaa muda mrefu huishusha kidogo tu: chembe zina ukubwa wa kawaida, lakini chembe changa hazionekani. Hapo vidonge vya chuma havisaidii. Chuma kimo mwilini, ila ugonjwa umekifungia ghalani.

Damu inayovuja hufuata mkondo mwingine. Uboho huchukua siku 3 hadi 5 kutoa chembe changa za kutosha kuonekana, kwa hiyo kipimo cha siku ya kwanza kinaweza kupotosha, rudia. Uvimbe wa tumbo au utumbo unaovuja kidogo kidogo humaliza chuma, na chembe hutoka ndogo na zilizopauka. Uvimbe wa seli masti, yaani seli za kinga zinazohusika na mzio, hata ukiwa kwenye ngozi tu, humwaga histamini inayozidisha asidi ya tumbo na kuleta vidonda. Ndiyo maana tunasisitiza mwenye mnyama aangalie kinyesi: kikiwa cheusi na kunata kama lami, ni damu iliyosagwa.

La kuhofia kuliko yote ni hemanjiosakoma, saratani ya mishipa ya damu inayopenda wengu wa mbwa. Kwenye slaidi huonekana chembe nyekundu zilizokatikakatika, na sahani zimepungua kwa sababu zinatumika ndani ya uvimbe. Mbwa aliyeanguka ghafla, fizi zimepauka na tumbo limejaa, apelekwe saa hiyohiyo.

Chembe zikizidi, anza na sababu za kawaida. Nyekundu nyingi mara nyingi ni upungufu wa maji mwilini. Zikibaki juu baada ya kumrudishia maji, figo zipigwe ultrasaundi, maana uvimbe wa figo unaweza kutoa kwa wingi homoni inayoamuru uboho utengeneze chembe hizo. Eosinofili (aina ya chembe nyeupe) zikiwa nyingi huelekeza kwenye minyoo, viroboto na mzio kabla ya uvimbe wa seli masti au limfoma, saratani ya chembe nyeupe za kinga.

Mbwa dume ambaye korodani moja haikushuka anahitaji jicho la pekee. Korodani iliyobaki tumboni huota uvimbe kwa urahisi, na uvimbe wa aina ya Sertoli ukitoa estrojeni, homoni ya kike, huua uboho taratibu: chembe nyeupe hupanda kwanza, kisha chembe zote huporomoka. Matiti yakivimba na manyoya yakidondoka pande zote mbili sawasawa, pima damu kabla ya upasuaji. Si kila uboho unaoamka baada ya korodani kutolewa, kwa hiyo itolewe mapema, kabla haijaleta madhara.

Aina mbili au tatu za chembe zikiwa chini pamoja bila sababu inayoonekana, uboho wenyewe uchukuliwe sampuli. Prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, isianzishwe kabla ya hapo kwa kujaribu tu: hupunguza limfoma kwa muda, huharibu majibu ya sampuli, na inaweza kudhoofisha tiba itakayofuata. Dawa za maumivu za binadamu usiguse. Parasetamoli inaua paka, na aspirini huzuia kazi ya sahani chache zilizosalia.

Kwa mnyama aliye kwenye dawa za kuua saratani, nyutrofili (chembe nyeupe zinazopigana na bakteria) kwa dawa nyingi hufika chini kabisa karibu na siku ya 7, na zikishuka chini ya 1,000 kwa mikrolita, hatari ya maambukizi ya damu ni kubwa. Weka kipimajoto nyumbani na umpime kwenye njia ya haja kubwa siku hizo. Akizidi nyuzi 39.5 akiwa ametulia, au akikataa kula na kulegea, mpigie daktari usiku uleule.