Jibu: mtoto wa kulea, wa nje au wa hapa hapa Unguja?
Dada yangu umeuliza wewe na mumeo mchukue mtoto wa kulea wa nchi za nje au wa hapa hapa, mie nakwambia anzeni hapa. Huko nje milango inafungwa, Ethiopia walipiga marufuku wageni kuchukua watoto wao 2018, China nao 2024 isipokuwa kwa jamaa wa damu, na watu walokuwa wanasubiri watoto wakabaki na machozi. Hapa kafala, yaani kumlea mtoto wa mwenzio kwa utaratibu wa Kiislamu, imo kwenye Sheria ya Mtoto ya Zanzibar Namba 6 ya 2011, mtoto anabaki na jina la babake, harithi kwako lakini unaweza kumuusia mpaka thuluthi ya mali yako. Na akiwa hajatimiza miaka miwili ukaweza kumnyonyesha mnyonyeshe jamani, atakuwa mwanao wa ziwa, akikua hamtohangaika na mambo ya mahram, nani anaweza kukaa na nani bila kujisitiri. Ila piteni ustawi wa jamii, msichukue kwa maneno ya mdomo tu.