Foto za zamani za Lubumbashi: majina kwanza, kisha zigeuze

Familia nyingi za Lubumbashi zina foto za kitambo. Ziko kwenye boksi la viatu juu ya kabati, kwenye albamu iliyopasuka mgongo, au sebuleni ndani ya fremu yenye kioo. Mtu akiamua kuzihifadhi, kitu cha kwanza anachotafuta ni skena. Hapo mpangilio umekosewa. Karatasi ya mwaka 1955 iliyokaa pakavu itadumu miaka mingi bado, lakini nkambo (babu au bibi) anayemjua yule kijana wa tatu kutoka kushoto ana umri wake. Majina kwanza, skena baadaye.

Usimwekee mzee foto mia mezani. Kumi hadi kumi na tano zinatosha kwa kikao cha saa moja, asubuhi akiwa hajachoka. Chapa nakala ya kila foto kwenye karatasi ya kawaida ya A4, andika namba juu ya kila uso kwa kalamu kwenye nakala hiyo (kamwe si kwenye foto yenyewe), na uache simu inarekodi sauti. “Huyu ni nani?” ni swali fupi na huleta jibu fupi. Uliza nani alipiga foto, walikuwa wanatoka wapi siku ile, nguo zilikuwa za nani, nani alitakiwa kuwepo akakosa. Jina lililosahaulika mara nyingi hurudi wakati mzee anasimulia jambo lingine kabisa, ndiyo maana ya kurekodi.

Majina ya kwetu yana mitego miwili. Mwaka 1972 watu walilazimishwa kuacha majina ya Kikristo, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa Joseph kwenye foto ya ubatizo na kuwa na jina jingine kabisa kwenye foto ya harusi. Andika yote mawili. Pia mama wengi hutajwa kwa jina la mtoto wao wa kwanza. “Mama Kabwe” inaeleweka nyumbani kwenu leo, ila mjukuu wa mjukuu hatajua ni Mama Kabwe yupi. Tafuta jina lake la kuzaliwa. Na ukisema “kutoka kushoto”, iwe kushoto kwa anayetazama foto, siku zote.

Sasa geuza foto. Mgongo wake mara nyingi unasema mengi kuliko uso. Muhuri wa studio wenye neno Élisabethville unakupeleka kabla ya 1966, mwaka ambao mji ulibadilishwa jina. Mji wa Jadotville nao ukawa Likasi mwaka huohuo. Muhuri wenye “Zaïre” (jina la nchi wakati ule) au “Shaba” (jina la jimbo la Katanga wakati ule) ni wa kati ya 1971 na 1997. Ila kuwa mwangalifu na jina Lubumbashi lenyewe: kabla ya kuwa jina la mji lilikuwa jina la mto, na kampuni ya madini ya Union Minière ilikiita kiwanda chake cha kuyeyusha shaba “Lubumbashi” tangu zamani. Foto ya kampuni yenye neno hilo inaweza kuwa ya miaka ya 1920. Tena fotografa hatupi muhuri wake kwa sababu serikali imebadilisha jina. Huutumia mpaka uchakae. Jina jipya linakwambia foto si ya kabla ya mwaka fulani, na huo ni ushahidi imara. Jina la zamani ni ushahidi dhaifu kidogo.

Karatasi nayo inasaidia. Ikiandikwa Gevaert peke yake, yaelekea ni ya kabla ya 1964, kwa sababu mwaka huo kampuni hiyo ya Ubelgiji iliungana na Agfa ya Ujerumani na jina likawa Agfa-Gevaert. Kingo zilizokatwa kama meno ya msumeno zilipendwa hadi miaka ya 1960. Foto ya rangi iliyogeuka nyekundu-nyekundu, hata kama ilifungiwa gizani, mara nyingi ni ya miaka ya 1970: rangi ya samawati ya karatasi za wakati ule ilikuwa dhaifu, ikaondoka ya kwanza.

Baada ya mgongo, rudi usoni ukatafute vitu ambavyo hakuna aliyevipanga. Bendera ni saa nzuri. Misalaba mitatu ya shaba kwenye sehemu nyeupe, chini ya mkanda wa mshazari, ni Katanga iliyojitenga na Kongo chini ya Moïse Tshombe: Julai 1960 hadi Januari 1963. Duara lenye mkono ulioshika mwenge ni Zaïre. Bendera yenye nyota moja kubwa katikati na sita ndogo kando ya mlingoti huwachanganya wengi, maana ilitumika mara mbili, mwanzoni mwa uhuru na tena kuanzia 1997 hadi 2006. Katika foto ya ofisi ya serikali hapa Lubumbashi, karibu kila mara ni ile ya pili, kwa sababu 1960 hadi 1963 hapa ilipepea ya Katanga. Wanaume wa ofisini wote wakiwa na abacost (koti la enzi ya Mobutu lisilovaliwa na tai) bila hata tai moja? Kati ya 1972 na 1990. Timu ya mpira yenye jina Englebert ni Mazembe kabla haijaitwa Mazembe, timu ileile iliyochukua ubingwa wa Afrika 1967 na 1968. Na ikionekana terril nyuma ya nyumba, linganisha ukubwa wake na wa leo: mlima ule wa taka za shaba uliongezeka kwa miongo mingi, kisha ukaanza kupungua tangu mwanzo wa miaka ya 2000 walipoanza kuuchimba tena kutoa kobalti.

Foto za kampuni zilipigwa ili kuonyesha mashine, zahanati safi na mistari ya nyumba za kambi. Wafanyakazi humo ni namba za matricule (za usajili kazini). Foto za familia, za mitaa ya Kamalondo, Kenya au Katuba, ndizo zenye majina, redio mpya mezani, baiskeli iliyosimamishwa kwa makusudi mbele ya mlango. Kwa historia ya mji huu hizo ndizo adimu, hata kama zimepinda na zina doa la chai.

Tuje kwenye skena. Fanya kazi hii kiangazi, Mei hadi Septemba, karatasi zikiwa kavu, ila vumbi letu jekundu ndilo adui wa miezi hiyo. Funga madirisha, futa kioo cha skena kila baada ya foto kumi kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi, na uondoe vumbi juu ya foto kwa brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kutumika. Usipulize kwa mdomo. Mate huacha alama kwenye jelatini, ule utando wa juu wa foto. Mikono iwe imeoshwa na kukauka, bila mafuta.

Foto ya sentimita 9 kwa 13 iskani kwa dpi 600 (nukta kwa inchi). Zile ndogo za 6 kwa 9, ambazo zilichapwa moja kwa moja kutoka kwenye negativu, zipe dpi 1200, maana zina undani mwingi kuliko zinavyoonekana. Negativu zenyewe zipe 2400 ikiwa skena yako ina taa ya juu. Skani kwa rangi hata foto nyeusi na nyeupe, ili doa, muhuri na wino vibaki kama vilivyo. Zima kila kitu kinachojiita “kuboresha”. Hifadhi kwa TIFF, aina ya faili inayotunza undani wote: foto moja ya 9 kwa 13 itakuwa karibu megabaiti 20, kwa hiyo mia moja zinataka gigabaiti 2 hivi, na mara mbili ya hapo ukiskani na mgongo, jambo ambalo ni lazima. JPEG ni ya kutuma kwa ndugu tu. Umeme ukikatika katikati, faili ambalo halijahifadhiwa limepotea, basi hifadhi moja moja, usisubiri ishirini.

Kama huna skena, simu inatosha ukiwa mvumilivu. Weka foto mezani karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, zima flashi, shika simu sambamba kabisa na meza, jiweke mbali kiasi cha sentimita 40 na ukuze mara mbili badala ya kusogea. Ukisogea sana kingo zinapinda na kivuli chako kinaingia. Kuituma kwa WhatsApp, chagua “dokumenti”. Ukiituma kama picha inabanwa na undani haurudi.

Jina la faili lifuate mpangilio mmoja: mwaka, mtaa, tukio, namba, upande. Mfano: 1964k_Katuba_ubatizo_012_A kwa uso na 012_B kwa mgongo, herufi k ikimaanisha “karibu”. Usiweke mwaka wa kukisia bila k. Kosa la mwaka likiingia kwenye jina la faili hunakiliwa kuliko foto yenyewe.

Yapo mambo ambayo hayarekebishiki ukiyaharibu. Foto iliyoshikana na kioo cha fremu usiivute. Iskani hivyohivyo na kioo chake. Zilizo kwenye albamu ya kurasa za kunata zitoe kwa uzi wa meno, ukiusogeza taratibu chini ya karatasi kama msumeno, na ikigoma acha, skani ukurasa mzima. Iliyojikunja usiikunjue kwa nguvu wakati wa ukavu, jelatini itapasuka. Mvua ikivuja na foto zikashikana zikiwa bado na maji, zilowanishe kwenye maji safi baridi kwa dakika 20 hadi 30, zitengane zenyewe, kisha zilaze uso juu kwenye kitambaa, kivulini. Ukungu huanza ndani ya siku mbili. Njia hii si ya Polaroid wala ya foto zilizochapwa kwa printa ya wino.

Kwa kuhifadhi: bahasha za karatasi nyeupe, boksi lisilogusa sakafu kwa sababu ya mchwa, mbali na mabati ya paa na ukuta unaonyonya maji. Hakuna raba ya kufungia (ina salfa, hula fedha iliyo ndani ya foto), hakuna vibanio vya chuma, hakuna skochi (tepu ya kunata), hakuna vidonge vya nondo ndani ya boksi. Andika mgongoni kwa penseli laini bila kukandamiza. Karatasi zenye plastiki hazishiki penseli, andika kwenye bahasha.

Programu za simu zinazong’arisha sura hazirejeshi uso wa nkambo. Zinabuni uso mwingine unaofanana na wa watu wengi. Ukizitumia, liite faili hilo “limebuniwa” na usiliweke pamoja na asili.

Kabla ya kuweka foto hadharani, uliza walio hai ndani yake au watoto wao. Foto za 1992 na 1993, wakati familia nyingi za asili ya Kasai zilipofukuzwa Katanga, zinataka uangalifu wa ziada: zinaweza kuonyesha nani alikuwa wapi, na majirani wa siku zile bado ni majirani. Zihifadhi, ziandikie maelezo, lakini uamuzi wa kuzitoa ni wa wenyewe.

Weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja kwa ndugu aliye Likasi au Kolwezi. Kiufunguo cha USB kisihesabiwe. Mtafiti, mwandishi au msanii akiomba foto, mpe faili. Akihitaji asili kwa sababu ya msingi, andikiana naye karatasi yenye idadi ya foto, namba zake, tarehe ya kurudisha na sahihi mbili, na umpige picha ameshika boksi.