Kaa jike mwenye mayai: kumuuza au kumrudisha?
Ndugu mvuvi wa Tudor, Mombasa, umeuliza iwapo unaweza kumkwangua mayai kaa jike wa mikoko kisha ukamuuza. Tafadhali usifanye hivyo. Mgeuze chali utazame kifuniko cha tumboni: cha jike mchanga ni chembamba, cha pembetatu, ilhali cha aliyepevuka ni kipana, cha mviringo, chenye vinyweleo pembeni. Mayai ya rangi ya machungwa bado ni machanga. Yakiiva kuwa meusi, yanakaribia kuanguliwa. Jike mwenye mayai, ambaye ni nadra kumpata ndani ya hori (mkono wa bahari ulioingia nchi kavu) kwa kuwa huenda kuzalia bahari ya nje, huweza kubeba zaidi ya mayai milioni 1. Mrudishe majini, pamoja na wachanga ambao hawajazaa hata mara moja, hata mnunuzi akinuna.