Maswali ya Wasomaji: Nina PDF 30 za keneli na sijui nianzie wapi

Tangu tuandike kuhusu Linux kwenye toleo letu lililopita, na keneli yake, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi inayosimamia vifaa na programu, maswali yamemiminika, mengi yanafanana. Nimechukua matatu, la kwanza nimelijibu kirefu kwa sababu naona limebeba shida ya wengi.

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi niko chuo mwaka wa pili hapa Mbeya, Python naijua vizuri, C naijua kidogo ile ya kufika kwenye pointa (zile anwani za memori) nikaishia hapo. Nataka kujifunza kutengeneza keneli lakini kila ninayemuuliza ananirushia PDF, sa hivi ninazo kama 30 kwenye simu na sijamaliza hata moja. Nikasema basi nipakue msimbo wenyewe wa Linux nisome, bando likakata katikati. Laptopu yangu ina RAM GB 4 tu. Nianze na nini?
*Msomaji, Mbeya*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hizo PDF ziache kwanza, tena ukiweza zifute kabisa ubaki na mbili tu, ntakwambia zipi.

Tatizo lako sio akili na wala sio laptopu. Tatizo ni kwamba umeingilia mlango mkubwa. Linux ya leo ina mistari zaidi ya milioni 30 na hamna binadamu aliyeisoma yote, hata Linus Torvalds mwenyewe aliyeianzisha 1991 akiwa mwanafunzi kule Helsinki anategemea watu wanaosimamia vipande vipande, huyu mtandao, huyu diski, huyu memori. Sasa wewe unafungua folda ya kwanza unakutana na faili la mistari elfu kadhaa unadhani umeshindwa, kumbe hata wazoefu hawasomi hivyo.

Anza na keneli ndogo unayoweza kuimaliza. Ipo inaitwa xv6, wameiandika MIT kule Marekani mwaka 2006 kwa ajili ya kufundishia tu, ni mistari elfu chache ya C na ina kitabu chake kidogo cha bure kinachoielezea sura kwa sura. Hiyo ndo PDF ya kwanza ya kubaki nayo. Unaiendesha ndani ya QEMU, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya laptopu yako, kwa hiyo ukiiharibu unafunga unawasha tena na vitu vyako vyote viko salama. RAM GB 4 inatosha na inabaki. Unaandika `make qemu`, baada ya muda mfupi unaona alama ya dola inakusubiri uandike amri, hapo jua mfumo mzima umebuti mbele yako na kila mstari uliofanya kazi hiyo unao kwenye folda.

Usiisome kama gazeti lakini, iguse. Zoezi ambalo mimi huwa nampa kila anayeniuliza ni hili: ongeza mwito wa mfumo mmoja, yaani lile ombi ambalo programu ya kawaida inapeleka kwa keneli, na huu wako kazi yake iwe kuhesabu michakato iliyopo hai, yaani programu zinazoendeshwa muda huo. Namba yake unaiweka kwenye `syscall.h`, unauandikisha `syscall.c`, kazi yenyewe unaiandika `sysproc.c`, afu upande wa mtumiaji unagusa `user.h` na `usys.pl`. Kazi yenyewe ni kuzunguka jedwali la michakato lenye nafasi 64 ukihesabu ambazo sio `UNUSED`. Ukimaliza andika kaprogramu kadogo kanakoita mwito wako, kaongeze kwenye orodha ya `UPROGS` ndani ya Makefile, ukaendeshe. Jibu litatoka 3. Kaa hapo ujiulize kwa nini 3: wa kwanza ni `init`, wa pili ni `sh` inayokusubiri uandike, wa tatu ni hako kaprogramu kako kenyewe kanakouliza. Siku nilipoiona hiyo 3 nilielewa mchakato ni nini kuliko muhula mzima niliokaa darasani nakopi maelezo.

Na kabla ya kusoma hali ya kila mchakato shika kufuli lake, linalozuia wengine wasiubadilishe kwa wakati mmoja, kwa `acquire`, ukimaliza uliachie kwa `release`. Jaribu makusudi kusahau hiyo `release` uone mashine inavyoganda au kupiga panic, yaani keneli kujisimamisha yenyewe kwa kosa. Somo la kufuli halielezeki likaeleweka mpaka likugandishie kitu.

PDF ya pili ni Operating Systems: Three Easy Pieces ya Remzi na Andrea Arpaci-Dusseau wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, sura zake zinapatikana bure moja moja kwa hiyo bando haliumii. Usiisome yote, chukua za michakato, memori na kufuli, uwe unazisoma sambamba na xv6. Na pointa zako zimalizie kabla ya vyote hivi, wiki mbili tatu za kuandika linkedi listi (orodha inayounganishwa kwa pointa) kwa mkono wako mpaka zisikutishe, maana keneli nzima ni pointa.

Baada ya hapo ndo uje Linux, na uje kupitia moduli, yaani kipande cha msimbo unachokipachika kwenye keneli ikiwa inaendelea kufanya kazi. Mistari kama kumi na tano hivi, inayosema neno moja ikiingia na neno moja ikitoka, unaipandisha kwa `insmod`, unasoma ilichosema kwa `dmesg`, unaishusha kwa `rmmod`. Usisahau mstari wa `MODULE_LICENSE`. Ila tafadhali fanya haya kwenye mashine ya kuigiza, sio kwenye laptopu yako moja kwa moja. Programu ya kawaida ikigusa pointa tupu, ile isiyoelekeza popote, inauawa yenyewe tu, moduli ikigusa pointa tupu imegusa ikiwa ndani ya keneli na inaweza kuondoka na mashine nzima. Mimi nilipoteza ripoti ya kurasa kadhaa hivyo, ilikuwa wazi pembeni sijaisevu.

Sasa kuhusu kile kitabu ambacho lazima kiko kwenye hizo 30 zako, Linux Device Drivers toleo la tatu. Ni kitabu kizuri na waandishi wake wanaijua kazi, lakini kimetoka 2005 na kinaongelea Linux 2.6.10. Mawazo yake yako hai ila mifano mingi haikompailiki leo, kwa mfano `init_timer` iliondolewa siku nyingi na badala yake kuna `timer_setup`. Vijana wengi wanakopi mfano, unagoma, wanaamini wao ndo hawawezi. Ukigoma angalia draiva (msimbo unaoendesha kifaa) ya leo inayofanya kitu hichohicho ndani ya msimbo wenyewe, uone wao wameandikaje.

Na hilo bando. Ukifanya `git clone` ya kawaida unavuta historia yote tangu 2005, ni gigabaiti kadhaa. Weka `--depth=1` upate hali ya leo tu, au pakua faili lililobanwa la toleo moja ambalo ni kama MB 140 hivi. Wakati wa kukompaili tumia `make localmodconfig`, inachukua moduli ambazo mashine yako inazitumia muda huo tu badala ya maelfu ya draiva za vifaa ambavyo hutakaa uvione, na kwa laptopu yako hiyo tofauti utaiona kwenye saa.

Hii ya kusoma keneli ndogo nzima sijaibuni mimi. John Lions, mwalimu wa Chuo Kikuu cha New South Wales Australia, mwaka 1976 aliwachapia wanafunzi wake msimbo wote wa Unix toleo la 6, haufiki mistari 10,000, na maelezo pembeni. Leseni za baadaye zikazuia kuutumia madarasani, watu wakaendelea kupitishiana fotokopi ya fotokopi miaka na miaka mpaka ukachapishwa rasmi 1996. xv6 imeandikwa upya kwa kufuata toleo hilohilo la 6. Kwa hiyo unaposoma xv6 uko kwenye njia iliyokwishapitwa na wengi.

SWALI: Hujambo mhariri. Rafiki yangu asema C imepitwa, nijifunze lugha ya Rust moja kwa moja kwa kuwa Linux yahamia huko. Ni kweli?
*Msomaji wa kike, Mombasa*

JIBU: Sijambo dada. Rust imeingia kweli, ilianza kupokelewa kwenye Linux 6.1 Desemba 2022, na inaendelea kukua hasa upande wa draiva. Lakini kiini chote bado ni C, na hata draiva ya Rust inaongea na kiini hicho cha C, utalazimika kukisoma. Anza C, Rust iongeze baadaye. Ukifika huko utaipenda zaidi kwa sababu utakuwa umeshaumizwa na yale makosa inayoyazuia.

SWALI: Kaka nimerekebisha kosa dogo la tahajia kwenye draiva moja nikatuma pachi (faili la mabadiliko) kwa imeili kupitia simu. Siku nne kimya. Wananidharau?
*Msomaji, Arusha*

JIBU: Hapana ndugu yangu, yawezekana kabisa haijawafika. Programu nyingi za imeili za simu zinatuma HTML na orodha za imeili za keneli zinaitupa, wanapokea maandishi matupu tu. Tumia `git send-email` kwenye kompyuta. Kabla ya hapo pitisha pachi kwenye `scripts/checkpatch.pl`, hakikisha ina mstari wa `Signed-off-by` wenye jina lako, na uliza `scripts/get_maintainer.pl` ikwambie wapelekewe akina nani, maana ukiituma sehemu moja kubwa tu inazama. Ikishafika, subiri angalau wiki nzima kabla ya kukumbushia. Wakikujibu kwa ukali kuhusu herufi moja rekebisha hiyo herufi, andika v2 (toleo la pili) kwenye kichwa, eleza chini ya vile vistari vitatu `---` umebadilisha nini, utume tena.